Baada ya Upasuaji wa Kiungulia, Usiharakie Ugali

Aliyefanyiwa upasuaji wa kuzuia kiungulia sugu kwa njia ya matundu madogo kwa kawaida hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Ndugu wakimwona anatembea, tena ana mikato minne au mitano tu iliyo midogo tumboni, huona amepona na kumpikia chakula cha kumrudishia nguvu. Hapo ndipo shida huanzia, kwa sababu kazi kubwa ilifanyika ndani.

Katika upasuaji huu, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula huzungushwa kwenye mwisho wa umio, kama mtandio shingoni, kisha hushonwa ili asidi isipande. Tundu ambalo umio hupitia kwenye kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, likiwa limepanuka, nalo hupunguzwa kwa nyuzi. Mpasuaji Mjerumani Rudolf Nissen alieleza njia hii mwaka 1956. Mwaka 1991 Bernard Dallemagne wa Ubelgiji akatoa taarifa ya kuifanya kwa kamera na matundu madogo.

Eneo lililoshonwa huvimba, na njia ya chakula hubana. Ndiyo maana wagonjwa wengi huhisi tonge limekwama kifuani katika wiki za mwanzo. Kwa kawaida hali hiyo hupungua uvimbe unapotulia, mara nyingi ndani ya wiki sita, ingawa kwa wengine huchukua hadi miezi mitatu.

Kwa hiyo chakula hufuata hatua. Anza na vimiminika: uji mwepesi, supu iliyochujwa, maziwa. Kisha vije vyakula laini kama mtori, viazi vilivyopondwa, parachichi na mtindi. Mkate, chapati, nyama na ugali mgumu huja mwisho, maana ndivyo hukwama kwa urahisi. Muda wa kila hatua atakupangia daktari wako. Kula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, ukiwa umeketi wima, na utafune hadi chakula kilainike kabisa. Ukihisi kimekwama, acha kula. Usikisukume kwa tonge jingine. Vidonge vikubwa navyo huweza kukwama, lakini usivisage kabla ya kumuuliza mfamasia, kwani baadhi havifai kusagwa.

Gesi nayo husumbua. Maumivu ya bega katika siku za kwanza hutokana na kabonidayoksaidi iliyotumika kulipanua tumbo, ambayo hukera kiwambo; hupungua yenyewe, na kutembea husaidia. Kupiga mbweu huwa kugumu, hivyo hewa unayoimeza hujaza tumbo na kutokea chini. Epuka soda, bia, chingamu na kunywa kwa mrija. Kichefuchefu usikivumilie: omba dawa mapema, kwa kuwa kujikakamua kutapika kunaweza kuachanisha nyuzi.

Kwa sababu hiyohiyo, kwa wiki nne hadi sita usinyanyue ndoo ya maji, gunia wala mtoto mzito. Dawa za maumivu zikikufunga choo, mweleze daktari badala ya kujikamua.

Rudi hospitali mara moja ukipata homa, maumivu makali ya kifua au tumbo, kutapika kusikokoma, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba, au ukishindwa kumeza hata maji na mate. Kupungua uzito kidogo ni kawaida. Kuendelea kukonda si kawaida. Na kama baada ya miezi mitatu chakula bado kinakwama, usijizoeze kuishi hivyo. Daktari anaweza kuchunguza umio kwa kamera na, ikibidi, kuutanua.

Ndugu wanaomtunza mgonjwa wasimhimize amalize sahani. Katika wiki hizi, bakuli dogo la mtori linalopita bila shida humfaa kuliko sinia la pilau.