Kalori Kwenye Menyu: Nani Hasa Anabadilika?

Tangu mwaka 2008, mteja wa migahawa ya makampuni makubwa jijini New York anakuta namba mbili mbele ya kila chakula: bei na kalori. Jiji hilo lilitangulia. Sheria ya Marekani nzima ilianza kutekelezwa Mei 2018 kwa kampuni zenye matawi 20 au zaidi, na England ikafuata Aprili 2022 kwa biashara zenye wafanyakazi 250 na kuendelea. Lengo ni lile lile: mlaji ajue anachokila, apunguze mwenyewe, na unene wa kupindukia upungue.

Hoja hiyo ina mashiko, kwa sababu macho hayapimi nishati. Utafiti uliochapishwa 2013 uliwahoji wateja wa migahawa ya vyakula vya haraka nchini Marekani. Watu wazima walikadiria mlo wao pungufu kwa wastani wa kalori 175, na vijana wa shule kwa kalori 259.

Tatizo ni kwamba aliyejua si lazima abadilike. Sheria ilipoanza New York, watafiti walisimama nje ya migahawa katika mitaa ya watu wa kipato cha chini wakakusanya risiti, kisha wakazilinganisha na za Newark, mji jirani usio na sheria hiyo. Zaidi ya robo ya walioziona namba walisema zimewaongoza. Risiti zao hazikuonyesha hivyo: kalori walizonunua zilikuwa zile zile.

Kwa kampuni ya migahawa ya kahawa ya Starbucks matokeo yalikuwa mazuri kidogo. Wachumi walichambua miamala zaidi ya milioni 100 wakakuta kalori zimepungua kwa asilimia 6 kwa kila muamala. Kahawa haikuguswa. Kilichopungua ni chakula cha kusindikizia, na wengi hawakukibadilisha kwa kingine chepesi, bali walikiacha kabisa. Hata hivyo, tathmini ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, ya mwaka 2025, iliyokusanya tafiti 25, inakadiria punguzo la kalori 11 tu katika mlo wa kalori 600. Hiyo haifiki hata kijiko kimoja cha chai cha sukari.

Sehemu ya udhaifu huo imo kwenye mpangilio wa menyu yenyewe. Kwa kawaida jina la chakula hutangulia na kalori hufuata, yaani namba inafika wakati tamaa imeshawaka. Watafiti waliochapisha kazi yao 2019 waliigeuza: wakaweka kalori kushoto, kabla ya jina, na watu wakaagiza kalori chache kwa takriban asilimia 16. Kwa wasomaji wa Kiebrania, ambao husoma kuanzia kulia, namba ilifanya kazi ilipowekwa kulia. Ni badiliko lisilo na gharama, na linashangaza kwamba watunga sheria hawakulipa uzito.

Matokeo yanayonipa matumaini zaidi yako jikoni. Uchambuzi wa mwaka 2021 wa makampuni makubwa ya migahawa ya Marekani ulionyesha kwamba vyakula vipya vilivyoingizwa kwenye menyu baada ya sheria vilikuwa na wastani wa kalori 113 pungufu kuliko vipya vya kabla yake. Vyakula vya zamani vilibaki vilivyo. Mfanyabiashara hapendi kuzindua chakula kipya chenye namba ya kutisha, kwa hiyo anapunguza mafuta au kipimo kabla mteja hajakiona. Anayenufaika hapo ni hata yule asiyesoma menyu.

Namba zenyewe nazo zikaguliwe. Mwaka 2011 watafiti walipima maabara vyakula 269 vya migahawa, na asilimia 19 vilizidi kalori zilizotangazwa kwa 100 au zaidi. Mpishi akizidisha mafuta, namba inadanganya. Wapo pia watu wenye maradhi ya ulaji ambao namba hizi huwaumiza. Kanuni za England zinaruhusu mgahawa kumpa mteja menyu isiyo na kalori akiiomba, na nchi nyingine ziige.

Kwa maoni yangu sheria ibaki, ila isipimwe kwa mteja peke yake. Ipimwe kwa kile kinachopikwa. Nawe msomaji uliye Marekani au England, ukiikuta menyu ya namna hii, anza na kalori za vya kusindikizia. Hapo ndipo wateja wa Starbucks walipopunguza.