Vigae Navyo ni Matini

Wenzangu wa fasihi huniuliza: akiolojia yatuhusu nini sisi? Najibu kuwa yatuhusu sana, na mfano ninao.

Tarihi ya Kilwa husimulia jinsi Ali bin al-Hasan alivyotoka Shirazi, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Wapo waliosoma hivyo wakaamua kwamba Uswahili wote eti ulishuka jahazini. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaenda kusoma ardhini. Katika tasnifu yake ya uzamivu, aliyoitoa Uppsala, Sweden, mwaka 1994, alichunguza vyungu vya pwani ya Tanzania vyenye nakshi za pembetatu, akajenga hoja kwamba vilitokana na ufinyanzi wa wakulima na wahunzi wa huku huku.

Je, Tarihi ni uongo mtupu? La hasha! Uchunguzi wa jeni za watu wa kale wa miji ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulikuta kuwa wengi wao asili yao upande wa kike ilikuwa Afrika, na upande wa kiume hasa Uajemi. Kigae hakisemi nani alimwoa nani.

Basi tuisome Tarihi kama utungo wa ukoo uliotawala, na vigae kama habari za majikoni. Anayetaka kufanya uzamili katika fasihi ya pwani, ripoti za wachimbaji asiziache maktaba zikiliwa na mchwa.