Leseni ni ya Mtu, Bima ni ya Gari

Mahindi yanapovunwa, magari huongezeka katika barabara itokayo Kitale, kupita Kiminini na Kamukuywa, hadi Webuye na Bungoma. Mkulima aliyenunua pikapu hupenda mwanawe ajifunze kuiendesha, naye huuliza: Je, kijana aweza kupata leseni bila bima?

Naam, aweza. Leseni hutolewa kwa kufuata Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, kwa mtu aliyejifunza kwa leseni ya muda, kisha akashinda mtihani. Huyo si lazima awe na gari.

Lakini gari lenyewe lina sharti lake. Sura ya 405 yakataza mtu kutumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, pasipo bima ya mtu wa tatu. Basi hata gari la kujifunzia lazima liwe na bima, na mwenye kuliazimisha hana udhuru.

Mtu wa tatu ni nani? Wa kwanza ni mwenye bima, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni yule anayeumizwa na gari, kama vile mama aendaye sokoni kwa miguu. Bima hiyo yamhusu yeye akiumia au akifa. Haitengenezi gari lako, wala hailipi mahindi yaliyomwagika. Atakaye hayo na anunue bima kubwa zaidi. Tena sheria hailazimishi bima izidi shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme mkulima ampakia jirani bure juu ya magunia, na pikapu yapinduka. Sheria hulazimisha bima kwa abiria wanaolipa nauli, au wanaochukuliwa kwa ajili ya kazi waliyoandikwa. Jirani aliyechukuliwa kwa hisani hamo. Asipoandikwa katika hati ya bima, huenda matibabu yake yakamwangukia mkulima, na ng'ombe wakauzwa.

Angalia pia kwamba hati nyingi za bima hutaka dereva awe na leseni. Ukimpa ufunguo asiye nayo, huenda ukadaiwa wewe mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha injini, isome hati yako neno kwa neno: ni nani aruhusiwaye kuendesha, ni nani aruhusiwaye kupanda, na siku gani bima yaisha. Usipofahamu neno, muulize wakala kabla hujamlipa. Heri kuuliza leo dukani kwake kuliko kuulizwa kesho mahakamani.