Presha haingoji uumwe: vipimo gani, kwa umri gani?

Hapa Mariakani lori la mizigo halipiti bila kupanda mizani, hata likiwa zima. Dereva wake naye aweza kumaliza miaka 20 barabarani asifungwe mashine ya presha mkononi hata siku moja. Ukimuuliza atakwambia: mimi sijambo, niende hospitali kutafuta nini?

Presha ikipanda mara nyingi haiumi. Wengi huijua siku ya kiharusi, mdomo umekwenda upande na watu nyumbani washaanza kusema mwenzetu amechezewa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa. Kwa sukari, karibu 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa.

Si lazima upimwe kila kitu. Kwa mtu asiye na dalili, vipimo vya maana ni vichache.

Presha: kila aliyefika miaka 18 aijue yake, na kuanzia 40 aipime kila mwaka. Ikiwa 140/90 au zaidi, na ikabaki hapo ikipimwa tena siku nyingine, yahitaji matibabu.

Sukari: kuanzia miaka 35, kila baada ya miaka 3. Mwenye uzito mkubwa aanze mapema.

Mlango wa kizazi: mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2018 unawalenga wanawake wa miaka 25 hadi 49. Kwa aliyefika 30, kipimo cha kirusi cha HPV kikiwa safi hurudiwa baada ya miaka 5. Kina mama wanaochelea stara wajue kuwa waweza kuomba muuguzi wa kike, na kwa kipimo hiki mwanamke aweza kujichukulia sampuli mwenyewe.

Titi: picha ya mammogramu kuanzia miaka 40.

Utumbo mpana: wake kwa waume kuanzia miaka 45, choo kipimwe kila mwaka kuangalia damu isiyoonekana kwa macho.

Tezi dume: mwanamume azungumze na daktari kwanza, kwani kipimo chake cha damu huweza kumtia mtu hofu bure.

Ikiwa mama, dada au baba aliugua mojawapo ya saratani hizi, usingoje umri huo. Mwambie daktari mapema.

Wako watakaosema maradhi ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli, na dawa pia ni yake. Kutawakali hakumkatazi mtu kujua hali yake.

Kisingizio cha nauli nacho kimepungua. Tangu Septemba 2023 serikali iliwagawia wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Vijiti vya kupimia sukari vikiwa vimekwisha, presha haihitaji vijiti. Muulize mzee wa mtaa ni nani anayehudumia kijiji chenu, mwite nyumbani, na nyote mliotimiza miaka 18 mpimwe siku hiyohiyo. Kisha andikeni nambari zenu na tarehe, mziweke pamoja na vitambulisho.