Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Seli Dhibiti na Stahamala ya Mwili katika Upandikizaji wa Viungo

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huthibitika waziwazi katika chumba cha upasuaji, ambamo figo ya mtu mmoja hutiwa katika mwili wa mwingine. Mgeni huyu hangoji siku ya tatu apewe jembe. Mara nyingi huanza kuichuja damu ya mwenyeji siku iyo hiyo. Hata hivyo, mwenyeji aliyeletewa uponyaji humwinukia mgeni wake akitaka kumwangamiza. Makala haya yanaeleza sababu za uadui huo, na jinsi kundi dogo la chembe nyeupe za damu, yaani seli T dhibiti, lilivyobadilisha fikra za wanasayansi kuhusu maana ya stahamala.

Maana ya Stahamala

Ni muhimu kwanza kulifafanua neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku, kuvumilia na kustahimili huashiria kukabili maumivu bila kulalamika. Mwili wenye stahamala kwa figo ya kigeni haufanyi hivyo. Hauteseki kimya, wala haujanyang'anywa silaha. Una uwezo wa kushambulia, ila walinzi wake wenyewe huzuia shambulio dhidi ya kiungo hicho mahususi. Katika makala haya, basi, stahamala ni kujizuia kwa mwenye nguvu, wala si subira ya mnyonge.

Chimbuko la Dhana

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanasayansi Mwingereza Peter Medawar alichunguza ngozi zilizopandikizwa kwa watu walioungua. Mwaka wa 1943, yeye na daktari wa upasuaji Thomas Gibson walieleza kwamba ngozi ya mtoaji yule yule ikipandikizwa mara ya pili huangamizwa upesi kuliko ile ya kwanza. Kumbe mwili hukumbuka! Kukataliwa kwa kiungo hakukuwa kasoro ya mshono wa daktari bali kazi ya mfumo wa kinga.

Miaka miwili baadaye, Ray Owen wa Marekani alionyesha kwamba ng'ombe pacha wasiofanana, waliochangia mzunguko wa damu tumboni, waliendelea kubeba chembe za damu za wenzao bila kuzikataa. Mwaka wa 1953, Medawar pamoja na Rupert Billingham na Leslie Brent walifanya jambo kama hilo kwa makusudi. Walidunga seli za panya wa ukoo mmoja katika vijusi vya panya wa ukoo mwingine. Panya hao walipokua, waliipokea ngozi ya ukoo ule wa kwanza lakini wakaikataa ya koo nyinginezo. Ilidhihirika kwamba stahamala yaweza kufunzwa, na kwamba humchagua inayemstahimili.

Gharama ya Kunyamazisha Kinga

Tarehe 23 Desemba 1954, Joseph Murray na wenzake mjini Boston walipandikiza figo kati ya pacha wanaofanana, wakafanikiwa. Mwili wa mpokeaji haukuona mgeni. Lakini ni wangapi wenye pacha wa namna hiyo? Kwa wengine ilibidi kutafuta dawa za kushusha kinga: azathioprini katika miaka ya 1960, kisha saiklosporini katika miaka ya 1980.

Dawa za aina hii zimeokoa maisha ya watu wengi. Hata hivyo, zinafanana na mwenye nyumba anayewalevya walinzi wote ili mgeni mmoja alale salama. Mwizi naye hupata mwanya. Mgonjwa huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata maambukizi na baadhi ya saratani. Isitoshe, saiklosporini na takrolimasi zaweza kuidhuru figo ile ile zinayoilinda. Aghalabu dawa hizi humezwa kila siku kwa muda wote ambao kiungo kinafanya kazi. Kwa mgonjwa wa Nairobi au Eldoret ambaye hana fedha za dawa, kukosa dozi kunaweza kumpotezea figo aliyopewa na nduguye.

Walinzi wa Walinzi

Seli T hukomaa katika tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Humo, nyingi zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huangamizwa, ingawa baadhi huponyoka. Ni nani huzizuia hizo zilizoponyoka? Mjapani Shimon Sakaguchi alishughulikia swali hili kwa miaka mingi, na mwaka wa 1995 alibainisha kundi la seli T zenye kipokezi kiitwacho CD25 ambazo kazi yake ni kutuliza nyingine. Mwaka wa 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitambua kwamba hitilafu katika jeni la Foxp3 huwafanya panya washambuliwe na kinga yao wenyewe. Kufikia mwaka wa 2003, ilibainika kwamba jeni hilo ndilo huongoza uundaji wa seli dhibiti. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2025.

Seli dhibiti hufanya kazi kwa njia kadhaa. Kwanza, hunyakua protini ambayo seli shambulizi huitegemea ili kuongezeka. Pili, huondoa ishara za kuchochea mashambulizi kutoka kwenye seli zinazotangaza kuwapo kwa mgeni. Tatu, hutoa kemikali za kutuliza.

Matumaini na Vikwazo

Watafiti sasa hukusanya seli za mgonjwa, huzikuza maabarani na kumrudishia. Mwaka wa 2016, madaktari wa Japani waliripoti kwamba kati ya wagonjwa 10 waliopandikizwa ini na kupewa seli zilizoandaliwa ili kuleta stahamala, 7 waliweza kuacha dawa. Matokeo ya majaribio mengine kwa waliopandikizwa figo, yaliyochapishwa mwaka wa 2020, yalionyesha kwamba tiba ya seli ilikuwa salama, na maambukizi yalipungua. Hata hivyo, seli hizi ni chache katika damu, kuzikuza ni ghali, na baadhi zaweza kugeuka kuwa shambulizi.

Hitimisho

Stahamala ni kazi inayoendelea, nayo ina wafanyakazi wake. Jambo hili lina uzito kwa mtaalamu wa Kiswahili pia. Mgonjwa anayejihisi mzima huweza kudhani kwamba mwili wake "umezoea" figo mpya, akaacha dawa bila idhini ya daktari. Mwili haujazoea, umezuiwa na dawa hizo, na zikikoma, kumbukumbu aliyoigundua Medawar huamka. Istilahi itakayotenganisha mwili uliozuiwa kwa dawa na mwili wenye stahamala itamsaidia muuguzi kumweleza mgonjwa, kwa lugha anayoielewa, kwa nini hapaswi kuacha dawa zake.