Raba Mpya za Mtoto: Zijaribu Kabla ya Kulipa

Leo tuzungumzie raba za kukimbilia, zile zenye soli ya sponji zinazouzwa sokoni hapa Emali.

Nenda na mtoto mwenyewe, tena alasiri, kwa maana miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga. Avae soksi na raba zote mbili, asimame. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako. Usinunue kubwa mno eti atakua nazo. Mguu unaoteleza ndani hutoka malengelenge. Kisha akimbie hatua chache. Kisigino kikichomoka, jaribu nyingine.

Za mitumba je? Ziweke juu ya meza uzitazame kwa nyuma. Soli iliyolika upande mmoja huulaza mguu, na sponji iliyokauka haipunguzi kishindo hata kama juu inang'aa.

Azivae kwanza ndani ya nyumba kwa saa moja, kisha mvue soksi umkague. Lengelenge usilipasue, lioshe kwa maji safi na sabuni, ulifunike. Likitoa usaha, mlete kliniki. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari, awe mtoto au nyanya, usingoje usaha: aje siku hiyo hiyo.