Nafasi ya Dokitora: Baba, Usiuze Kiwanja

Tunajua baba mmoja, mfanyakazi wa mugodi, aliyeuza kiwanja chake kwa sababu mtu alimwambia: «Lete makuta, mutoto wako atapata nafasi ya dokitora kule Bulaya.» Makuta yalikwenda, na mtu yule pia alikwenda. Kijana, mwenye diploma nzuri ya metalurji, angali nyumbani.

Baba huyu si mjinga. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba katika inchi nyingi nafasi ya dokitora ya uenjenyeri njo kazi. Kule Uholanzi ao Norvege, anayeipata anatia sini kwa mkataba na analipwa kila mwezi, miaka mitatu ao mine. Ujerumani pia ni vile mara nyingi. Ubelgiji wengi wanaishi kwa bursi. Afrika ya Kusini ni ingine: masomo yanalipiwa, na bursi unaitafuta. Viza, tafsiri ya diploma, mtihani wa Kiingereza, ndiyo, vinaomba feza, lakini unazilipa wewe mwenyewe kwa ofisi inayohusika. Univerisite zingine, zaidi za Marekani, zinalipisha dosie. Zinaandika bei wazi. Anayekuuzia nafasi yenyewe, umufungie mlango.

Sasa wewe kijana, usianze na diploma. Anza na ulizo. Profesa anatafuta mtu wa kumaliza kazi fulani, na wewe umekaa karibu na kazi hiyo tangu utoto. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote. Mugodi wa Kipushi ulisimama mwaka wa 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka wa 2024. Kule Freiberg, Ujerumani, wanafundisha kazi ya mugodi tangu 1765, lakini hawakukomea chini ya ule mlima mweusi wa slagi wa Lubumbashi! Namna gani kutoa chuma kilichobaki ndani ya mabaki? Namna gani kusafisha maji yenye asidi mbele yafike mutoni? Hayo ni maulizo ya dokitora.

Barua iwe ukurasa mmoja. Mambo ya «mimi ni mtoto wa jamaa maskini» hayasaidie hapa. Sema ulipima nini katika memwari yako, ulipata nini, unajua mashini gani za laboratware, na kwa nini kazi ya profesa huyu inakuhusu. Barua moja kwa maprofesa makumi tano, wanaitambua mara moja. Uliza mapema kama diploma yako ya miaka mitano inakubaliwa kama masta. Omba pia mapema walimu wawili wakuandikie. Mwalimu wetu anasafiri, sitampu ya fakilte nayo inapoteaka.

Tafuta pia nafasi za programu Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya. Inapokea watu wa inchi zote. Inakataa aliyekaa zaidi ya miezi 12 katika inchi ile ndani ya miaka mitatu iliyopita. Wewe uliyebaki paka Likasi, sheria hiyo haikuzuie!

Mama, akijibiwa «hapana» mara kumi, usimuambie aache. Yule kijana wa kiwanja ameandika barua tatu. Mbili hazina jibu. Ya tatu, profesa amesema mwaka huu hana nafasi, lakini amemuomba amutumie memwari.